Neno Lililofunikwa na Treni

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kwa ajili ya ndoo. Nilifika studio nimevaa shati la kuazima, kurasa zangu za kwanza nimezibana kwapani, nikidhani nitasifiwa. Shefu wa programu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alizisoma akiwa amesimama. Hakufika mbali.

"Huyu Mwadi anateka mayi na ndoo ya plastiki?"

"Ndiyo, Shefu."

"Wakati ya bankambo, babu zetu, ile ya kampi za kwanza?"

"Ndiyo, Shefu."

"Ile plastiki alipata wapi? Kwa malaika?"

Mafundi wa mitambo walicheka mpaka mmoja akavua vifaa vya masikioni. Shefu alinirudishia kurasa, akanionyesha benchi nje ya mlango. "Kaa pale. Urudilie yote." Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuandika hadithi za mapendo za zamani, na niliifanya mpaka nywele zikawa nyeupe.

Ninyi vijana mnaoandika kwa kidole gumba kwenye simu, ngojeni niwaeleze ilivyokuwa. Redio yetu ilikuwa vyumba viwili hapa Likasi, mji wa shaba wa Katanga, kuta zimevikwa mablanketi na trei za mayai ili sauti isirudi. Hadithi ilikatwa vipande, na kila Jumapili alasiri, watu wakiwa wametoka misa na kushiba, tulirusha kipande kimoja. Mwisho wa kipande tuliuita "kukatia motoni". Mlango unagongwa, hatusemi nani amegonga, na msikilizaji anabaki na hasira yake wiki nzima. Umeme wa bwawa la Koni ukipotea katikati, basi hadithi imekatiwa motoni bila ruhusa yako, na kesho yake akina mama sokoni wanakushika shati wakuulize kama mgonjwa amepona.

Shefu alikuwa na maneno yake ya kazi. Vitu vya zamani tunavyotia ndani ya hadithi, kama sahani ya bati, taa ya mafuta, au king'ora cha kiwanda cha Shituru kikiita watu wa zamu, yeye aliviita vumbi. "Tia vumbi," alikuwa akisema, "lakini kidogo. Ukitia mingi, muntu atakohoa, hatasikia tena mapendo." Nimekutana na waandishi wenye diploma kubwa waliowakohoza watu maisha yao yote! Hadithi ya zamani si ghala la vyombo vikuukuu. Ni watu wawili wanaotakana, na kuna kitu cha wakati wao kinachowazuia ambacho leo kisingewazuia. Hilo nililijua kwa kichwa tu. Kulijua kwa mwili wangu kulinikuta Shituru.

Hadithi iliyonipa jina iliitwa "Treni ya Wachumba". Zamani za babu zetu kampuni ilichukua wanaume peke yao kwa kazi ya shaba, ikawaweka kwenye kampi zake. Baadaye ikaona mwanamume mwenye mke hatoroki, ikaruhusu wake waje. Familia zikawa zinapakia mabinti kwenye treni kuwapelekea waume, na wengine walikuwa hawajawahi kumwona mume, wanajua jina lake tu. Mwadi wangu alikuwa mmoja wao. Mumewe nilimwita Kalumba, mtu wa tanuri.

Sauti ya Mwadi ilikuwa ya Filomena, mwalimu wa watoto wadogo, aliyekuja studio akimaliza shule. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kucheka chumba cha pili. Nilimpenda. Sizunguki maneno, nilimpenda mpaka nikawa namwandikia Mwadi maneno mengi kuliko alivyohitaji, ili mwenyewe akae studio zaidi.

"Huyu Mwadi anasema sana siku hizi," Shefu aliniambia. "Juu ya nini?"

"Juu ya hadithi, Shefu."

"Eee, hadithi," alisema, akapangusa miwani.

Filomena naye alinitaka, namshukuru Mungu, sikuwa peke yangu. Basi nilimtuma mjomba wangu aende Shituru, kwenye nyumba za kampuni za zamani, akapige hodi kwa mama yake. Baba yake Filomena alikuwa ameshafariki, na neno la nyumba lilikuwa la Mama Filo. Mjomba alirudi upesi mno.

"Anakatala," alisema. "Anasema hawezi kutoa mutoto yake kwa muntu ya bongo."

Ndugu zangu wa Tanzania wakisikia bongo wanafikiria akili. Kwetu Katanga bongo ni uongo. Mtu wa bongo ni mwongo, basi. Mbele ya Mama Filo, mwanamume anayelipwa kuwatungia watu mambo ambayo hayakutokea alikuwa mwongo mwenye mshahara. Na mjomba alikuwa amechagua wiki mbaya kuliko zote, kwa sababu Jumapili ile nilikuwa nimerusha kipande ambacho Kalumba anaingia kwa mama mkwe wake, anamshika mkono, anakaa kwenye kiti chake na kula naye.

Mawee, mama yangu! Jumatatu akina mama walijaa uani kwa redio. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawali pamoja, hawasemezani, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapopika, amwite, amlishe kwa mkono wake. Hiyo tunaiita kufungua mlango. Mimi mtoto wa mji nilikuwa nimeona vijana wa siku hizi wakikumbatiana na mama wakwe zao kwenye picha za arusi, nikampa Kalumba wa zamani tabia hiyo.

"Weye ulikomalia wapi?" Shefu alifoka. "Ku mwezi? Sasa utaenda kuuliza. Na utauliza kwa mwenye alikuya na ile treni."

"Nani huyo, Shefu?"

"Mama yake na Filomena."

Nilimweleza kwamba mama huyo amenikataa. Shefu alisema hakunituma kuoa, amenituma kuuliza, na kama mambo mawili yanakaa nyumba moja, si shauri lake.

Nilikwenda. Lakini tangu mjomba apige hodi, mimi nilikuwa tayari mkwe, ingawa mkwe aliyefukuzwa. Kwa hiyo niliketi barazani juu ya kigoda, uso barabarani, mgongo mlangoni. Mlangoni palining'inia rido, pazia la maua mekundu. Mama Filo alikaa nyuma ya rido, na Filomena kizingitini, katikati yetu, awe mdomo wetu.

"Filo, muulize," sauti nzito ilisema ndani, "nani alimuambia kama bibi alishuka mu treni anacheka?"

"Mama anauliza nani alikuambia Mwadi alishuka akicheka."

"Nimesikia," nilisema.

"Usiseme umesikia," Filomena alininong'oneza, akikaza mdomo asicheke. "Unasikia kwangu."

Hivyo ndivyo nilivyofunzwa kazi. Alasiri nyingi nilikwenda kukaa na mgongo wangu pale. Mama Filo alisema hakushuka akicheka, alishuka akinuka kuku, maana alisafiri na kuku mapajani. Alisema king'ora cha Shituru kilipolia asubuhi ya kwanza alidhani kuna mtu anauawa, akaingia chini ya kitanda. Alisema mume alikuwa mpole lakini kama bubu, anarudi amechoka, anakula bukari, ugali wetu, analala, na yeye anabaki kumtazama mtu asiyemjua. Nilipeleka kila kitu kwa Shefu, vumbi kidogo kidogo, na hadithi ikaanza kupumua. Wale akina mama wa uani walirudi, safari hii kutaka kujua Mwadi atafanya nini.

Maana Mwadi alikuwa amechoka kampi. Nilikuwa nimefika mahali anafunga furushi lake, anakwenda stesheni arudi kwao. Kalumba anatoka kazini, anakuta nyumba tupu, anakimbia mpaka stesheni. Anasema neno. Mwadi anabaki. Hapo ndipo kipande cha mwisho kingeishia, na neno lenyewe sikuwa nalo.

Direkta wa redio alituita ofisini kwake, Shefu na mimi. Alikuwa mwanamume wa tai ndefu na subira fupi. "Kipande ya mwisho isipoliza bantu," alisema, "Jumapili ninaweka mupira. Mupira haiombe muandishi." Tulitoka nje. Shefu alinishika bega, na hapo nikajua mambo ni mabaya, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushika bega.

Niliandika neno la Kalumba mara nyingi. Lililonipendeza nililipeleka Shituru, nikamsomea Filomena kwa sauti, nikijua linapita hadi ndani: "Mwadi, nakupenda kuliko pumzi yangu. Ukiondoka nitakufa!"

Nyuma ya rido kicheko kililipuka. Mama Filo alicheka mpaka akakohoa.

"Filo, muambie ni bongo. Bwana yangu angesema vile, ningepanda treni mbio mbio."

Nilisahau adabu yote, nikageuka nusu. "Kwani na wewe ulitaka kuondoka, Mama?"

Filomena alinikanyaga mguu. Nikarudisha uso wangu barabarani, nikijua nimeharibu. Halafu Mama Filo akamwambia binti yake aende kwa jirani kuleta makala, makaa ya moto. Filomena alishangaa, jikoni makala yalikuwepo, lakini alikwenda.

Tulibaki wawili, na pazia. Nikasikia kiti chake kikiburutwa.

"Minye sisemi na muntu," alisema. "Minasema na ukuta. Ukuta, sikia."

Akauambia ukuta. Jinsi alivyobeba furushi kwenda stesheni, jinsi treni ilivyokuwa tayari, jinsi mumewe alivyofika na nguo za kazi, mweusi kwa moshi wa tanuri, asiweze kusema kwa kukosa pumzi. Kisha akauambia ukuta alichosema yule mwanamume alipopata pumzi. Lilikuwa neno dogo. Niliinamisha kichwa, nikalia polepole nisisikike.

"Ukuta," alisema mwishoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hautaambia muntu, eh?"

Filomena alirudi na makala. Mimi niliaga bila kugeuka, nikaondoka.

Hapo sasa ndugu zangu, jiwekeni mahali pangu. Neno nilikuwa nalo, neno la kweli ambalo lingewaliza hata mbuzi wa Kambove. Nililala nalo na kuamka nalo. Na kwa ulimi wangu mrefu nilimwambia Shefu kwamba nimelipata.

"Andika," alisema.

"Siwezi, Shefu. Sikuambiwa mimi. Uliambiwa ukuta."

"Hatutataja jina ya muntu. Ni Kalumba ndiye anasema. Nani atajua?"

"Mwenyewe atajua."

Alivua miwani. "Weye iko muandishi ao padri ya maungamo? Programu inakufa! Mkate yangu, mkate yako, sauti ya ule binti mwenye unapenda, yote iko mu ile neno!"

Alikuwa na haki, na ndiyo sababu iliniuma. Nikiliandika, redio inapona na Mama Filo anapata uhakika kuwa mimi ni mtu wa bongo na zaidi, ni mwizi. Nisipoliandika, naweza kumkosa Filomena vilevile, kwa kuwa nani anamwoza binti kwa mwandishi asiye na kazi? Kutunga lingine nilishindwa. Ukishasikia lile la kweli, mengine yote yanakuwa kelele.

Kelele! Hapo ndipo nilipopata njia. Milio yote ya hadithi tuliitengeneza wenyewe studio, lakini mlio wa treni tulikuwa tumeunasa kwa kaseti stesheni ya Likasi, kwa sababu ule wa mahindi ndani ya kopo ulisikika kama mtu anakaanga. Nilimwomba fundi aniwekee treni ile ianze kuondoka pale pale Kalumba anapofungua kinywa. Msikilizaji atamsikia anakimbia, atamsikia anahema, atamsikia anaanza kusema, na treni itapita juu ya neno lake, nzito, gurudumu kwa gurudumu. Treni ikiisha, kuna kimya. Kisha furushi linaanguka chini, na Mwadi anasema, "Twende nyumbani."

Yule aliyeigiza Kalumba aliniuliza aseme nini chini ya treni. Nilimwambia aseme chochote, akahesabu namba kwa Kifaransa, kwa hisia kubwa sana. Shefu alisikiliza, akazima mashine. Hakunisifu. Alisema tu, "Irushwe vile."

Jumapili ile nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, sikuweza kusikiliza. Yaliyotokea Shituru nilisimuliwa na Filomena. Mama yake aliketi karibu na redio tangu mwanzo, uso chini. Kalumba alipofika stesheni, aliweka mkono juu ya redio kama anayetaka kuiziba mdomo. Treni ilipolia na kulimeza neno, aliuondoa mkono polepole. Furushi lilipoanguka alifunga redio.

"Treni ilifunika," alisema. "Alijua neno, na akalifunika." Akajifuta macho kwa kitenge. "Muntu ya bongo hana kifua. Huyu iko na kifua. Filo, muite."

Watu wa mji walibishana kwa majuma kuhusu neno la Kalumba. Kule kiwandani watu wa zamu walikatana maneno, wake waliwauliza waume zao wao wangesema nini, na ndoa kadhaa zilipata misukosuko kwa majibu mabaya. Direkta alipita mbele yangu akasema mpira unaweza kungoja. Mimi hata sikumsikia vizuri. Akili yangu ilikuwa kwenye shati la kwenda nalo Shituru.

Mama Filo alinifungulia mlango Jumapili iliyofuata. Rido ilisogezwa pembeni, nikamwona kwa mara ya kwanza: mama mfupi! Kwa sauti ile nilitegemea mlima. Alikata bukari, akachovya kwenye mchuzi wa kuku, akanitia kinywani kwa vidole vyake.

"Kula, mutoto yangu," alisema, akinitazama machoni. Nilikula na machozi, chumvi ikazidi.

Baada ya arusi nilifanya kazi sehemu nyingine nyingi. Direkta aliyefuata alinihamishia Kambove kukusanya visa vya wazee wa mgodi. Kisha nikawa kwenye nyumba ya kuchapia vitabu ya parokia, chini ya Padri Msimamizi aliyetaka busu moja kwa kitabu, tena kwenye paji la uso. Hapo alikuwapo msahihishaji aliyesomea Dar es Salaam. Katika kitabu kimoja niliandika "Kalenga alimkumbatia bibi yake", naye hakujua kuwa kwetu bibi ni mke. Alinijia amekunja uso kuniuliza kwa nini mapenzi yote haya ni ya kijana na nyanya yake. Tulicheka, tukawa marafiki. Kila mahali vijana waliniuliza jambo lile lile: Kalumba alisema nini? Kila mahali nilijibu kwamba sijui, mnisamehe, treni ilikuwa kubwa.

Na Filomena aliniuliza kuliko wote. Yeye ndiye aliyesema "Twende nyumbani" bila kujua anajibu nini. Aliniuliza akiwa na mimba, aliniuliza akikasirika, aliniuliza kwa ujanja nikiwa na homa. Ilimuuma kwamba mume wake na mama yake walikuwa na kitu chake, kitu cha baba yake, na yeye yuko nje ya pazia. Nilimwona inavyomuuma. Nilikaa kimya, na si kila siku nilikuwa na hakika kwamba nafanya vema.

Nimestaafu sasa. Pansio inakuja inapotaka, mgongo unauma, na hadithi za redio zimekufa. Mama Filo alitutoka mwaka jana, mvua zilipoanza. Katika ugonjwa wake nilikuwa nampa uji mimi mwenyewe kwa kijiko, kwa kuwa alikataa mkono mwingine. Siku moja alinivuta nguo.

"Ukuta," aliniita.

"Niko, Mama."

"Umeshika muzuri. Nikishaenda, muambie Filo. Yeye tu."

Tulimzika Shituru, kando ya mumewe. Kilio kilipoisha na wageni kuondoka, nilimkuta Filomena jikoni akisonga bukari, macho bado yamevimba. Nikamwambia neno la baba yake, lile la stesheni.

Mwiko ulisimama.

"Ni ile tu?" aliuliza.

"Ni ile tu."

"Lakini Papa alikuwa anatuambia ile kila asubuhi! Minye, Mama, sisi wote, akienda kazi. Sikujua kama…" Alicheka, kisha akalia, kisha vyote pamoja.

Msinisogelee, hamtalipata hapa. Kaandikeni ya kwenu. Nitawaambia kilichofuata tu. Filomena alijifuta uso, akanigeukia, mwiko mkononi, na akaniambia neno lile mimi, polepole, kwa ile sauti yake yenye mkwaruzo. Hakukuwa na treni ya kulifunika. Nililia mbele ya mke wangu kama mtoto, bukari ikaungua, tukaila hivyo hivyo.